Mama Alipoulizwa Kuhusu Utoto Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki tena. Daktari yule yule, faili lile lile. Miaka yote hii anasema nina tatizo la haiba – moyo wa kupanda na kushuka, woga wa kuachwa, kujiumiza. Nikamweleza: nilijigonga kichwa ukutani kazini kwa sababu wamehamishia meza yangu kando ya mashine ya kukata karatasi. Akaandika "hasira". Nikasema si hasira, ni kelele. Akatabasamu, akaniongezea dawa.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa inanilaza kama gogo. Msimamizi wa kazini kapiga simu: nikikosa tena, nafasi yangu anapewa mwingine.

Jumanne, 11 Machi
Nimepelekwa kwa mwanasaikolojia mpya, mama mtu mzima, msemaji wa polepole. Alizima taa ya juu kabla sijaomba – nusura nilie. Hakuuliza nani kaniudhi. Aliuliza, "Kabla hujajigonga, chumbani kulikuwa na nini?" Nikaongea mpaka koo likakauka. Anasema tatizo la haiba na usonji, ubongo wa kuzaliwa unaohisi kelele na mwanga kupita kiasi, hufanana kwa nje, na wapo wenye yote mawili. Langu huenda ni usonji. Huenda. Hawezi kukata shauri mpaka ajue nilikuwaje utotoni. Nije na mama.

Jumatano, 12 Machi
Nimemwambia mama. Akaacha kukunja nguo.
"Huo mtu huzaliwa nao?"
Nikasema ndiyo.
"Kwa hiyo ni tumbo langu."
Lile la haiba alilimudu – lawama zote alimtwika baba, aliyetukimbia. Hili atamtwika nani?

Ijumaa, 14 Machi
Naandikia chooni, kliniki. Tumepewa mapumziko. Mama kaulizwa nilivyokuwa, kajibu kama aliyekariri: mcheshi, marafiki tele, mtoto kama watoto. Mama huyu huyu aliyekuwa akiniletea sahani chini ya meza, nilikojificha wageni wakija! Mwanasaikolojia akanigeukia: "Na wewe unakumbukaje?" Nikaomba tupumzike kwanza. Nikisema kweli, namvua nguo mama yangu mbele ya watu. Nikinyamaza, narudi kwa yule wa dawa.

Sasa mama yuko nje ya mlango, anabisha kwa kucha.
"Toka, mwanangu. Wanatungoja."
Halafu, chinichini:
"Lebo za nguo zako nilizikata zote, usiwashwe. Nilidhani yataisha."

Hapa mlangoni amesema. Mle ndani je?