Siku Nilipouzima Ubao wa Kusini

Jumatatu, 1 Julai

Maombi kumi na manne kabla ya saa nne. Hoteli ya Kilwa Masoko wamesahau nywila tena. Sekondari moja picha zao hazifunguki. Nimezipunguza ukubwa, zimefunguka. Ustadhi wa madrasa anataka tovuti yake isomeke kwenye simu ndogo. Nimemwahidi Alhamisi.

Kazi hii watu hawaielewi. Jirani anadhani natengeneza simu. Nakaa Lindi, chumba cha mbele, kompyuta na feni. Naitumikia kampuni ya Dar inayohifadhi tovuti za watu kwenye seva zake. Mtu ana tovuti, sisi ndio tunaiweka hewani. Bosi yuko Dar. Wateja wote wa kusini ni wangu.

Ombi la mwisho halikutoka kwa mteja. Mwanamke anaitwa Zuhura, mhudumu wa afya vijijini, upande wa Nyangamara. Anapita nyumba kwa nyumba akitoboa watu vidole, anapima malaria. Anasema picha yake imewekwa kwenye Ubao wa Kusini, ile tovuti ambako yeyote anabandika habari. Imeandikwa kwamba yeye ni mumiani, anakusanya damu ya watoto akauze. Anaomba tuiondoe. Mstari wa mwisho: "Naogopa kwenda kazini."

Nimeliweka kwenye folda ya kusubiri. Ubao ndiye mteja wetu mkubwa huku. Halafu nimekula mchana, tena nimeshiba.

Jumanne, 2 Julai

Nimesoma yote yaliyoandikwa chini ya ile picha. Ni yeye kweli. Mama wa makamo, mtandio wa bluu, sanduku la vipimo begani. Aliyeipandisha hana jina. Mtu wa Miteja anaapa kwamba alimwona akitoka nyumbani kwa shangazi yake. Miteja iko huko juu Kilwa. Kwenye ombi lake Bi Zuhura ameandika hajafika Miteja maishani mwake. Mwingine ametaja kijiji anachoishi. Mwingine: "Tukimkamata tusihangaike na kituo cha polisi." Waliomgongea dole ni wengi.

Na mimi naupenda Ubao. Niandike ukweli, hakuna wa kunisoma. Masika barabara ilipokatika, Baba alikuwa Sudi amebanwa na kifua, hapumui vizuri. Redio kimya. Mtu akaandika kwenye Ubao daraja gani limeondoka na njia gani pikipiki zinapita. Tulimpitisha njia hiyo hiyo mpaka hospitali. Baba yupo hai.

Kwa hiyo sijui.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemaliza ya ustadhi. Kisha nimempigia Chande, mwenye Ubao. Yuko Kilwa Masoko, aliuanzisha peke yake kwa simu iliyopasuka kioo, sasa kusini nzima inausoma. Tumefahamiana miaka. Hatujawahi kukosana.

"Dada, wewe ni fundi," amesema. "Sijakuajiri uwe mhariri wangu."

Nikamwambia kuna mtu anaogopa kwenda kazini.

"Kama ni uongo, aje aandike kuwa ni uongo. Kila mtu anaruhusiwa."

Nimeutoa mkataba wake. Kipengele kipo: tovuti isitumike kumtishia mtu maisha. Chande ameweka sahihi. Mimi ndiye niliyemtumia.

Ijumaa, 5 Julai

Nimemwambia Bosi tumlazimishe Chande aitoe ile picha. Hataki. Anasema sisi tunawapa sehemu tu, wanachoandika ni shauri yao, na tukianza kusoma maneno ya wateja hatutamaliza. Tusubiri wikiendi ipite, huenda watu wakachoka wenyewe.

Nikasema sawa. Najichukia kwa hiyo sawa.

Bi Zuhura nimemjibu: "Ombi lako linashughulikiwa." Halishughulikiwi.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Nilikuwa nafua.

Wamempiga mawe.

Jumatatu, 8 Julai

Nimelala kidogo. Niandike kwa mpangilio.

Jana asubuhi mama mmoja alimwita Bi Zuhura, mtoto ana homa. Akaenda. Kabla hajafika kwenye ile nyumba alizungukwa kisimani. Mtu alikuwa na picha kwenye simu, akailinganisha na uso wake. Jiwe la kwanza lilimpata kichwani. Mkono wa kulia umevunjika. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alimvuta, akamfungia ofisini, akasimama mlangoni mpaka polisi walipofika. Sasa yuko hospitali hapa Lindi.

Na Ubao unaendelea. Mtu kauliza kalazwa wapi. Mtu kamjibu. Mpaka wodi.

Saa moja asubuhi nimempigia Bosi. Nimemsomea lile jibu la wodi, neno kwa neno. Akataka nirudie.

"Wewe unaonaje?"

"Tuzime."

"Basi andika barua, iwe na jina lako. Aliyeyasoma ndiye aandike. Wakiuliza nitasema ni uamuzi wa kampuni."

Nimemwandikia Chande: ondoa picha na maneno yote yaliyo chini yake kabla ya saa nne, la sivyo tunasimamisha tovuti nzima. Sisi hatuwezi kutoa ukurasa mmoja. Ni kuwasha au kuzima. Amejibu neno moja. "Zima."

Nimechukua kwanza nakala ya Ubao mzima, tangu siku ya kwanza. Matangazo ya misiba, waliopotea, madaraja, bei za ufuta, matusi, yote. Saa nne nikabonyeza. Kitufe kidogo cha kijivu. Nimefungua Ubao kwenye simu yangu. Mweupe. "Tovuti hii imesimamishwa."

Sikufurahi. Nilitoka nje nikakaa kizingitini.

Jumanne, 9 Julai

Chande ameirusha barua yangu kwenye magrupu, na jina langu lote. Simu haikunyamaza tangu alfajiri. Kibaraka. Umelipwa na nani. Mmoja aliapiza na watoto ambao sijawazaa. Mama ninayenunua vitumbua kwake amenifungia bila kunitazama. "Kumbe ni wewe," basi.

Baba amepiga kutoka Sudi.

"Somoe, mwanangu, umetuzimia Ubao? Sisi huku tutajuaje mambo?"

Nimemweleza habari za Bi Zuhura. Mawe, mkono, wodi.

"Ile picha," akasema, "hata mimi niliwapelekea watu. Nilidhani naokoa wajukuu."

Baba yangu. Anayesomesha Kurani watoto wa mtaa mzima bure.

Nilimpigia tena jioni, nikamwambia nampenda. Si kawaida yetu. Alikohoa.

Alhamisi, 11 Julai

Nimesikia Chande ameomba nafasi kampuni mbili, zote zimemkataa. Walimuuliza kwa nini kaondolewa alikotoka. Ningepaswa kuona nimeshinda. Sioni. Kuna msiba Kilwa Kivinje, ndugu wa Lindi wamepata habari marehemu ameshazikwa. Zamani tangazo lingekuwa kwenye Ubao ndani ya saa moja. Hilo ni langu. Nalibeba.

Mchana amepiga bwana mmoja wa ofisi fulani. Sauti tamu. Amenipongeza, nimefanya kazi ya kizalendo. Kisha akasema kuna tovuti nyingine kwenye seva zetu, ya akina mama wanaolalamika kwamba zahanati yao haina kitanda cha kuzalia. Nao wanachafua. Ingefaa wazimwe vile vile.

Nikamuuliza wamemtishia nani.

"Wanachafua jina."

"Nitajie mtu mmoja aliyetishiwa au kuumizwa. Halafu uniletee kwa maandishi."

Akakata.

Simu hii imenitisha kuliko ile siku ya kitufe. Hili ndilo nililokuwa naliogopa bila kulijua. Jumatatu nimezima moja, Alhamisi naletewa ya pili, na mkono ni huu huu. Tofauti ipo. Wale walimwambia mtu wodi alikolazwa mgonjwa wanayetaka kummaliza. Hawa wanataka kitanda. Lakini nani analinda hiyo tofauti? Leo ni mimi, peke yangu, na feni.

Nimemwambia Bosi. Nilitegemea aniambie tusubiri. Amesema, "Huyo hatumzimii mtu. Na akipiga tena mpe namba yangu." Halafu akaniambia niwaongezee wale akina mama nafasi ya picha, waliomba mwezi uliopita.

Nimewaongezea. Usingizi umekuja.

Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda hospitali. Nilizunguka nje mara mbili ndipo nikaingia.

Ni mdogo kuliko kwenye picha. Kichwa kimefungwa bandeji, mkono una plasta mpaka kiwiko. Nimempa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti nzima. Nikamwambia mimi ndiye niliyepokea barua yake, na niliiweka kando.

"Siku ngapi?"

"Wiki nzima."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kumkosa mteja."

Alinitazama. Hakunisamehe, hakunigombeza. Akasema kuna machungwa kwenye mfuko, na mkono mmoja haumenyi chungwa. Nikammenyea. Akala lote, akanipa la pili nimenye, hilo akasema nile mimi.

Kisha akauliza, watu sasa wanapata wapi habari za njia? Kumbe naye alikuwa akiutegemea Ubao kila anapotoka na vipimo vyake. Akasema angependa kumwona huyo Chande. Nikamuuliza amwambie nini. Akasema, "Kwanza anione."

Jumatano, 17 Julai

Chande amekuja Lindi kuchukua nakala yake. Ningeweza kumtumia kwa mtandao. Alitaka kuja.

Hakunipa mkono. Amekonda. Nimemkabidhi Ubao wake wote. Aligeuza ile diski mkononi kama hakuamini.

"Hamjafuta kitu?"

"Hatujafuta. Hata ile picha imo. Kufuta si kazi yangu."

Akakaa bila kukaribishwa. Akasema wiki hii watu wamemsifu kuwa shujaa, na waliomsifu kwa nguvu ndio wale wale walioandika habari za mawe. Alisema hivyo akitazama sakafu. Nikamwambia Bi Zuhura yupo hospitali na anataka kumwona. Akasimama. Hakuja Lindi kuhukumiwa, amesema. Akaondoka na mlango akauacha wazi.

Baada ya alasiri Bi Zuhura akapiga. Chande amekwenda. Amekaa naye zaidi ya saa moja. Walichozungumza sikijui na sikuuliza. Ameniambia hili tu: "Alipouona mkono hakukaa, mpaka nilipomwambia, kaa, mwanangu."

Jumapili, 21 Julai

Ubao umerudi hewani. Si kwetu. Kampuni ya nje imempokea Chande, baada ya kusoma kanuni alizoziandika upya. Chapisho lenye sura au jina la mtu halitoki mpaka wasomaji wawili aliowateua wakubali. Ile picha haipo. Badala yake kuna barua, jina lake chini. Kwamba ilikuwa uongo. Kwamba aliambiwa mapema akakataa. Kwamba mtu ameumia, na anaitwa Bi Zuhura, na kazi yake ni kupima malaria. Wanamtukana hapo hapo chini. Ameyaacha matusi yanayomlenga yeye.

Kwetu harudi. Ameniandikia kwamba hawezi kulala tena nyumba iliyomtoa. Ana haki yake. Imeniuma kidogo. Bosi ameguna, akasema tutapata wengine.

Madaraja yamerudi. Misiba imerudi. Nimesoma mpaka bei za ufuta na sina hata shamba.

Baba ameituma barua ya Chande kwa kila aliyempelekea ile picha, mmoja mmoja, kwa kidole kimoja. Wengine wamemcheka. Anasema atamaliza kesho.

Jumanne, 20 Agosti

Plasta imetolewa Ijumaa, ila mkono bado hauna nguvu ya kuandika. Leo Bi Zuhura amerudi kijiji kile kile. Nimeomba ruhusa ya siku moja nikamwandikie majina kwenye daftari.

Tulikaa barazani shuleni. Mwalimu mkuu alituletea benchi, akakaa nasi kidogo, akarudi darasani. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne hakuna mtu. Wanawake walipita mbali na ndoo zao, wakatuangalia. Bi Zuhura alipanga vipimo vyake, akavipanga tena.

Karibu saa tano akaja mzee mmoja. Alinyoosha kidole kitobolewe. Nyuma yake mama na watoto wawili, mdogo analia kabla hajaguswa. Bi Zuhura alimuuliza jina la kuku wake, na alipokuwa anafikiri, akawa ameshamtoboa.

Wanne. Vipimo tulibeba vya watu arobaini.

Mmoja amekutwa na malaria, yule mdogo. Amepewa dawa, dozi ya kwanza ameimeza pale pale, kwa maji ya mwalimu. Nimeandika jina lake. Bi Zuhura akafunga sanduku, akasema Jumanne ijayo tufike mapema kidogo, kabla watu hawajaenda shamba.