Chumba cha Vioo cha Mzee Hamza

Tanga, Jumatano

Mama Neema, mke wangu,

Mwakeye huko Kasulu. Najua barua hii inaweza kukufikia jua limeshashuka, lakini nakusalimia salamu ya asubuhi hivyo hivyo, kama ninavyokusalimia ukiwa umeinama unapuliza moto. Kifua chako kinaendeleaje? Kwenye simu ulisema kikohozi kimepungua, ila sauti yako haikusema hivyo. Nenda zahanati, usisubiri nirudi. Magoti ya mama nayo, kwa baridi hiyo? Neema ameacha kusinzia darasani? Na maharage ya kule bondeni, mmewahi kuyaanua kabla mvua haijayaharibu? Mimi siumwi popote.

Anayekuletea barua ni mwalimu Salma, binti wa mwenye nyumba wangu, serikali imempangia shule ya huko. Mpokee kama mdogo wako. Mpikie migebuka, samaki wetu wa ziwani, hajawahi kuionja, na mtafutie blanketi zito maana baridi ya huko haijui. Akishalala, kaa peke yako usome. Mama usimsomee kwanza.

Ni habari za dada yako Skola. Ni mzima, yupo, usishtuke. Lakini yamempata mambo, na mimi nimo ndani yake. Nimeishika simu mara nyingi nikashindwa kukupigia. Kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningepata pa kukwepea.

Unakumbuka alivyokuwa baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kufungwa. Miaka yote ile alikuwa akihudumia wagonjwa wasiojiweza kule kambini, anawaosha, anawageuza, anawalisha. Kazi ikaisha, akarudi Mabamba kulima muhogo, na kila ukimtembelea ulikuwa unarudi umenyong'onyea. Ni wewe uliyeniambia, "Baba Neema, huko pwani hakuna mgonjwa wa kuuguza?" Nikatafuta, nikampata Mzee Hamza.

Mzee huyu alikuwa mpima ardhi wa serikali. Ni mjane. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Binti yake, Bi Mwanaidi, anafanya kazi Dar es Salaam, anakuja mwisho wa wiki. Skola alipofika alimkuta mzee amelala tu, anatazama dari. Miezi haikuwa mingi akawa anasimama kwa kushikiliwa. Kila asubuhi dada yako alikuwa akimfungulia pazia na kumwambia, "Mwakeye, mzee!" Siku moja mzee akajibu, "Mwa... mwakeye." Neno la kwanza tangu augue likawa la Kiha chetu! Bi Mwanaidi alicheka mpaka akatoa machozi, akamkumbatia Skola mbele yangu.

Ndiyo maana nasema Bi Mwanaidi si mtu mbaya. Usije ukasoma mbele ukamchukia.

Yeye ndiye aliyetaka kile chumba. Mzee alipenda kukaa baraza ya nyuma aangalie bustani yake, mikomamanga na asumini alizopanda na marehemu mkewe, lakini upepo wa bahari ulikuwa unamkohoza. Huku hakuna baridi ya kusema mtu ajifungie. Ni upepo tu, na chumvi yake. Bi Mwanaidi alikuwa na picha kwenye simu, nyumba za nchi za nje ambako watu wanaongeza chumba cha vioo ubavuni mwa nyumba, paa na kuta zote vioo, wakae humo waote jua. Akaja nayo kwenye karakana yetu ya vioo na aluminiamu. Bosi wangu akaniita. "Yusto, hii ni yako. Ukiitoa vizuri, wewe ndiye msimamizi wa mafundi wote."

Kazi yangu ya kwanza kuiongoza mwenyewe, Mama Neema. Ulifurahi nilipokuambia, ukamwita mama aje asikie.

Nilipima, nikachora. Pande mbili niliweka madirisha ya kusukuma, na juu karibu na paa nikaacha nafasi za kutolea joto, kwa sababu baraza ile inatazama magharibi. Bi Mwanaidi akaangalia mchoro, akakunja uso.

"Hizi aluminiamu zote za nini? Sitaki mistari mbele ya macho ya baba. Nataka vioo vizima, kutoka chini mpaka juu."

"Bibi, upande huu jua linaupiga kuanzia mchana mpaka linapozama. Bila madirisha..."

"Tutaweka mapazia. Fundi, nyumba hii ni ya nani?"

Bosi akanikazia macho. Nikasema, "Sawa, bibi." Ndivyo nilivyosema, maneno mawili. Nikafuta madirisha yote, nikapanga vioo vizima, nikaziba kila upenyo kwa silikoni. Mlango nikauweka mmoja tu, wa kuingilia sebuleni.

Kilipokamilika kilipendeza, siwezi kusema uongo. Watu walikuwa wanasimama njiani kukitazama. Ile picha niliyokutumia, nimesimama nimeshika pima maji kama bwana mkubwa, ni siku hiyo.

Haikupita wiki mbili, Skola akanifuata karakana. Alikuwa na kikapu cha sokoni, hata hakukaa.

"Shemeji, chumba chako kile, ikifika saa nane mchana ni tanuri la matofali. Mzee analowa jasho mpaka kiti kinalowa."

"Nitaongea nao."

"Lini?"

"Wiki hii hii."

Sikuongea. Nilijiambia mapazia yatasaidia. Nilijiambia nikirudi kubomoa kazi yangu mwenyewe, bosi atampa mwingine usimamizi. Dada yako akajipangia utaratibu wake: asubuhi anamweka mzee kwenye vioo, saa nne anamtoa. Lakini Bi Mwanaidi akija anakuta kiti kitupu, anaumia. "Nimejenga chumba kizima, baba yangu anashinda ukumbini?" Akaagiza mzee akae humo, na mlango ufungwe ili ubaridi wa kiyoyozi cha sebuleni usipotee.

Ilikuwa Jumamosi. Bi Mwanaidi alikuwa ameingia na basi la alfajiri, amechoka, na baada ya chakula cha mchana akataka kujinyoosha kidogo. Dawa za mzee zilikuwa zimekwisha, akamtuma Skola. Skola akamuuliza, "Nimtoe mzee kwanza?" Akajibu, "Mwache, anaangalia ndege wake." Duka la dawa la karibu halikuwa nazo, ikabidi aende mpaka mjini, akakuta foleni. Bi Mwanaidi naye usingizi ukamchukua.

Skola aliporudi aliona kwanza alama za kiganja kwenye kioo. Kiganja cha kushoto, ule mkono unaofanya kazi. Alama nyingi, moja juu ya nyingine, zinateremka. Mzee alikuwa ameinamia upande, ngozi inaunguza na haina tena jasho, macho yamegeuka. Dada yako alimbeba mgongoni peke yake mpaka uani, akammwagia maji, akampepea kwa kanga yake huku anapiga kelele. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Mzee alipona. Lakini maneno yamekwenda. Hata lile la Kiha.

Jioni yake ndugu walijaa sebuleni, mimi na bosi tukaitwa. Bi Mwanaidi akasimama katikati yao. "Nilimwachia mgonjwa, akaenda kuzurura mjini! Nitampeleka polisi!" Skola alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, kanga bado mbichi. Mjomba mmoja wa pale, mtu mpole, akaniuliza, "Fundi, sema mbele ya watu. Chumba hiki kina kasoro yoyote?"

Bosi alikuwa ubavuni mwangu. Dada yako alinitazama. Hakunionyesha ishara yoyote, alinitazama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuzungumza ifike.

Nikasema, "Hakina kasoro."

"Basi ni uzembe wa huyu mama," Bi Mwanaidi akasema.

Skola akaingia chumbani. Alikunja nguo zake, akatoka na mfuko mmoja. Na kwa kuwa hapa Tanga hana pengine, alikuja kwangu! Nikamwachia kitanda, mimi nikawa nalala karakana. Asubuhi nikirudi nakuta amefagia, amefua hata shati langu, chai iko tayari. Laiti angenitukana. Kila siku Bi Mwanaidi alikuwa anatuma ujumbe kwamba anafikiria kwenda polisi, na Skola alikuwa anausoma, anaweka simu chini, anaendelea kuchambua mchele.

Siku tatu nilivumilia hivyo. Ya nne nilikwenda. Bi Mwanaidi alikuwa ametoka hospitali kuchukua kanzu safi za baba yake. Ilikuwa saa tisa mchana, jua lipo pale pale.

Nikamwambia, "Bibi, nilikudanganya mbele ya ndugu zako. Chumba kina kasoro, nami niliijua kabla sijagonga msumari wa kwanza. Skola aliniambia mapema, nikanyamaza."

"Unamtetea kwa sababu ni shemeji yako."

"Basi naomba uingie ukae kwenye kiti cha mzee. Nifunge mlango. Ukitaka kutoka, gonga."

Alinitazama kama anataka kunipiga. Halafu akaingia, akakaa. Nilifunga. Nikamwona kupitia kioo anapanga mtandio wake, anajikaza. Haukupita muda mrefu akaanza kujifuta shingo. Akautoa mtandio. Akainuka, akakaa tena. Kisha akageuka kuangalia kile kioo chenye alama za kiganja, maana hakuna aliyekuwa amekifuta, na hapo hakugonga, alipiga mlango kwa mikono yote miwili. Nilipofungua aliangukia magoti sebuleni, anahema.

"Nilitaka aione bustani yake tu," akasema. "Wallahi nilitaka aione bustani yake."

Nilikaa naye chini pale sakafuni mpaka alipoweza kusimama. Alimpigia Skola mwenyewe, mbele yangu, akamwomba radhi huku analia. Skola alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Nitarudi kwa ajili ya mzee. Ila nikisema atoke, anatoka."

Bosi amenifukuza. Kasema nimelichafua jina la karakana. Usimwambie mama bado, nimepata vibarua vya kupachika vioo hapa na pale, na ada ya Neema nitaituma ingawa itachelewa. Kabla sijaondoka niliomba kazi moja ya bure: kuvitoa vioo vinne vya Mzee Hamza na kuweka madirisha. Nimefanya hivyo peke yangu. Sasa upepo unapita. Mzee amerudi nyumbani, anakaa humo asubuhi. Skola bado anamwambia mwakeye kila akifungua pazia. Mzee anamwangalia mdomo, wake hausogei. Nami dada yako alikuwa akinipita nikiwa juu ya ngazi kama anavyopita nguzo.

Sasa la mwisho, na hili nilitaka kulificha. Kwa Bi Mwanaidi nilikwenda mwenyewe, hilo niamini. Lakini barua hii sikuianza kwa moyo wangu. Juzi nilipomaliza dirisha la mwisho, Skola alikuja, akanipa maji ya kunawa, akasema, "Kule umesema. Kwa mdogo wangu bado hujasema. Mwandikie yote. Jumapili baada ya ibada nitampigia nimuulize umeandika nini, na ulichopunguza nitakijaza mimi."

Nisalimie mama yangu, na baba mkwe huko Mabamba ukipata mtu wa kumtuma. Msalimie kaka yangu wa mashine ya kusaga, na yule jirani yetu Mkongo anayeuza vitenge, mwambie nguo yake nimeiona huku ikivaliwa na watu wenye heshima zao. Neema mwambie baba anamkumbuka akiwa kazini na akiwa hana kazi.

Mimi mumeo, niliyenyamaza,

Yusto

Usinijibu haraka. Zungumza na dada yako kwanza. Akikuambia neno ambalo humu halimo, liamini lake.