Dozi Uliyowagawia Majirani

Mpendwa mama,

Huku Rungwe Mpya mvua zimekatika, watu wanasiriba nyumba zao. Nikiwaona wanawake wenye udongo mikononi nakukumbuka wewe, ambaye hakuna kazi iliyokushinda isipokuwa kula. Miaka mingi tulikaa mkekani sisi tukila ugali na maharage, wewe ukimung'unya ndizi za kuchemsha, mkono umekandamiza chembe cha moyo. Niliogopa, mama. Niliogopa kwamba nitakuzika ukiwa na njaa.

Nilipokupeleka hospitali mjini Kasulu, yule daktari kijana kutoka Tanga alisema ni bakteria, wamechubua utando wa ndani ya tumbo mpaka asidi inachoma nyama yenyewe.

Ukamkatiza: "Kwa hiyo mwanangu, lipu imebanduka?"

Alicheka, akakubali. Tukiwaua bakteria, akasema, ukuta utajisiriba wenyewe polepole.

Tukarudi na dozi, nawe ukafanya yako. Kama ulivyozoea kugawa mbegu na chumvi, ukagawa na vidonge: Mama Neema kidogo, Bibi Anastazia kidogo, yeyote mwenye kiungulia. Nilipokuuliza hukuona haya hata chembe, ukaniita mwanao kwa kilugha chetu:

"Mwana wanje, nimeze peke yangu, wenzangu wanaungua?"

Nilikasirika, kisha nikacheka hadi machozi. Daktari hakucheka. Alisema dozi iliyogawanywa haimponyi mtu, inawafundisha bakteria ukaidi tu. Akawaita wote wapimwe. Mama Neema alikutwa nao. Bibi Anastazia hakuwa nao, akanuna kama aliyenyimwa sahani harusini.

Safari hii wewe na Mama Neema mlipewa kila mtu dawa zake, mkawa mnamezea uani kwetu, mkichungana. Ulinung'unika kwamba mdomo unachacha kama umelamba chuma, lakini hukuacha hata kidonge. Kipimo cha marudio kilipotoka safi uliomba maharage, ukaongeza sahani, ukaniuliza kwa nini nakukodolea macho.

Nimekukosa sana, ila moyo wangu umetulia. Watu wananipa pole kwa kuwa uliondoka usingizini, bila kuaga. Nawashukuru. Hawakukuona jioni ile ya mwisho ukikwangua chungu, ukilamba vidole, ukiulizia kama kimebaki chochote.

Ulikwenda umeshiba, mama.

Pumzika.

Kitindamimba wako