Mama Mwenye Nyumba wa Peckham

Dada Rehema, shikamoo!

Mvua imenifukuza hapa Peckham hadi ndani ya baa kongwe, zamani gesti ya wasafiri wa farasi. Ukutani zimetundikwa picha za walioiendesha: mzee wa masharubu, mjane mwenye kofia, na mwishoni mama wa Kisambaa kutoka Lushoto! Ndiye aliyeniletea supu, nikamuuliza:

"Kumbe wewe ndiye mama mwenye nyumba? Umeinunua?"

"Nimepanga, mwanangu. Huku kwa Waingereza anayeendesha baa ndiye huitwa mwenye nyumba, hata kama amepanga. Hawa wote ukutani walikuwa wapangaji."

Nimecheka mpaka supu imepoa! Dada, yule mzee aliyekupangisha hiyo gesti unayoiendesha akija tena kukuita "mpangaji wangu", mwambie avue viatu mlangoni. Mwenye nyumba ni wewe.

Nawabusu wote,
mdogo wako Mwanaidi