Karatasi ya Waakye

Fuseina, uko? Nakuandikia nimejifungia chooni hapa kwenye mkutano wa tabianchi, Accra.

Yule Bwana Ofosu wa kampuni ya biashara ya hewa ukaa kasimama mbele ya wafadhili na mawaziri, kasema kijiji chetu kimeridhia kuwakodishia msitu wa miti ya shea kwa miaka arobaini. Miaka arobaini, Fuseina. Halafu akaonyesha ukutani sahihi zetu, watu sitini na watatu.

Karatasi ile naijua. Ni ile ya waakye, ule wali wa kunde. Siku Ofosu alipokuja kijijini kutuuliza tunaokotaje kokwa za shea za kukamua mafuta, chakula kikaletwa, na mpishi akataka majina na sahihi ili mtu asile mara mbili. Doa la mafuta alilodondosha Mma Azara akitia sahihi lipo palepale kwenye kona.

Lakini juu niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, "Waliokula chakula." Mstari huo haupo. Wameukata, wakaweka "Walioridhia."

Nikanyoosha mkono, nikasema jina la kwanza hapo ni langu, na nilichokubali mimi ni waakye. Watu wakacheka. Ofosu hakucheka. Akanijibu polepole, "Dada Wumpini, karatasi hii nilipewa na mtu wenu mwenyewe."

Mtu wetu mwenyewe. Nimekaa humu nawaza ni nani.

Ila karatasi ile nilikuachia wewe umpelekee mpishi.

Naona unaandika. Unafuta. Unaandika tena.

Mbona unafuta, Fuseina?