Rambirambi kwa Mpanda Pikipiki Aliye Hai

Jumapili, Garissa, baada ya Magharibi.

Mvua zimekatika na joto limerudi, lile la kunata linaloufanya mtandio ushike shingoni kama umelowekwa. Mto bado umejaa. Nyumbani ni kimya, lakini ni kimya cha watu waliochoka kulia na kucheka siku moja.

Leo nimeliza nyumba mbili hapa Garissa na moja kule El Wak, kwa sababu ya mtu aliyestaafu kazi yake akiwa mzima wa afya.

Nimeshagombezwa vya kutosha, kwa hiyo hapa sitajigombeza tena. Naandika kwa sababu ya jambo dogo lililotokea mwishoni, ambalo hakuna aliyeliona isipokuwa mimi. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayekisoma kwa kujifurahisha. Ndiyo siri yangu yote.

Nianze na mbio zenyewe, maana najua wengi mnaopita hapa hamzijui. Zinaitwa spidiwei. Uwanja mdogo wa udongo, umbo la yai. Pikipiki nne, mizunguko minne, na kabla hujakaa vizuri zimekwisha. Pikipiki hizo hazina breki. Zina gia moja. Wanazunguka kwa kushoto siku zote, na wakifika kwenye kona wanazilaza, gurudumu la nyuma likiteleza pembeni na la mbele likitazama kulia, kana kwamba pikipiki inataka kwenda mahali pengine na mwenyewe anaikatalia. Udongo unaruka nyuma yao kama maji.

Nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba hazina breki nilifikiri ni uongo. Kaka yangu Abdi, ambaye ni fundi wa pikipiki karibu na soko la mifugo, ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake. Mimi na Nasra tulikuwa tunampelekea chakula cha mchana siku za Jumamosi, na yeye akila, sisi tulikaa juu ya tairi kuukuu tukishika simu yake pamoja, kila mmoja upande wake.

Nasra ni binti wa jirani yetu Halima, ninayemwita Eedo, shangazi, kwa heshima. Tulisoma darasa moja tangu tukiwa wadogo mpaka kidato cha nne. Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Darasani nikiulizwa jibu, nilimnong'onezea Nasra na yeye akalisema. Lakini kwenye spidiwei nilikuwa napiga kelele. Ni mahali pekee duniani nilipopaza sauti, na mtu pekee niliyempazia ni yeye.

Tulikuwa na wapanda pikipiki wetu. Wake alikuwa Mdenmaki, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ambaye hupita nje kabisa, karibu na ukuta, akiwaacha wengine wagombanie ndani. Wangu ni kijana wa Australia ambaye tulimbatiza jina la Orgi, yaani beberu la mbuzi, kwa jinsi anavyoingia kona ya kwanza kichwa mbele. Nasra alisema Orgi anaendesha kona moja tu na zilizobaki anaomba dua. Mimi nilisema Mdenmaki anaendesha kama mtu anayempeleka bibi yake hospitali.

Tulibishana juu ya kila kitu. Nani achague nafasi ipi ya kuanzia. Kama ni haki mtu kutolewa kwenye mbio kwa kugusa tepe ya kuanzia kidogo tu kabla haijainuka (mimi: si haki, Nasra: kama huwezi kusubiri tepe, utaweza kusubiri nini?). Kama zile mbio zinazofanyiwa kwenye viwanja vikubwa vya mpira, udongo ukiletwa kwa malori siku chache kabla, ni mbio au ni maonyesho. Hapo tu ndipo tulipokubaliana. Udongo wa siku tatu haujui kushika gurudumu.

Na tulikuwa na mchezo wetu. Ambaye mtu wake ameshindwa, ndiye mfiwa. Mwingine alikwenda kwao na uso mrefu, akaketi mkekani, akampa mkono na kumwambia "samir iyo iimaan", Mungu akupe subira na imani, maneno tunayompa kila aliyefiwa. Hukuruhusiwa kucheka. Siku Orgi alipogusa tepe kwenye fainali, Nasra aliniletea tende kwenye sahani na kuniambia nijikaze, kila nafsi itaonja tepe. Nilimfukuza mpaka getini.

Baada ya mitihani Nasra aliolewa El Wak. Mume wake ana duka la jumla huko, ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini El Wak ni mbali. Mimi nangoja nafasi ya chuo, na siku zangu ni kuosha vyombo, kusali, na kutazama mbio peke yangu kwenye simu ambayo sasa ni yangu mwenyewe. Ni ajabu. Tulipokuwa tunashiriki kioo kimoja kilichopasuka nilikuwa naona vizuri zaidi.

Nimekuwa nikimtumia ujumbe wa sauti kila baada ya mbio. Mwanzoni alijibu. Halafu akawa anajibu kwa kikaragosi cha kucheka. Halafu basi.

Wiki nyingi sasa.

Leo asubuhi nikasoma kwamba Mdenmaki ametangaza kuacha mbio. Nilijua cha kufanya. Nilijua pia kwamba kama hiki hakitamfanya Nasra ajibu, hakuna kitakachomfanya. Kwa hiyo nilikifanya vizuri. Nilijifungia chumbani, nikashusha sauti, nikaitetemesha kidogo, nikarekodi: "Nasra, abaayo, dada yangu, samir iyo iimaan. Nimeamka na habari hii na mwili wote umekufa ganzi. Jikaze. Sote njia yetu ni hiyo hiyo." Jina la mpanda pikipiki sikutaja. Tulikuwa hatutaji majina kamwe. Ndiyo utamu wa mchezo.

Nilijisifu hata. Nikaenda kufua.

Kilichofuata nimekijua baadaye, lakini nitakieleza kwa mpangilio wake.

Simu ya Nasra ilikuwa sebuleni kwao. Yeye alikuwa dukani. Mama mkwe wake hasomi, kwa hiyo ujumbe wa sauti ukiingia kwenye simu yoyote ya nyumba hiyo, wajukuu huufungulia kwa sauti ya juu na wote husikiliza. Wakasikia msichana wa Garissa akilia. Mama wa watu akashika kichwa. Hakumwambia Nasra kitu; kwetu mfiwa haambiwi ghafla, huanzishiwa taratibu kwamba fulani anaumwa. Badala yake akampigia Eedo Halima ili ampe pole na kuuliza ni nani na mazishi ni saa ngapi.

Eedo Halima alisikia maneno manne tu, "Halima, samir iyo iimaan", kutoka nyumba ambayo bintiye ameolewa. Mtandao ukakatika.

Mimi nilikuwa kwenye kamba ya nguo. Nilimwona akiingia kwetu bila viatu, bila mtandio wa nje, na Eedo Halima si mtu wa kuvuka njia hivyo. "Nasra!" alisema. "Nasra wangu amekufa!" Kisha akakaa chini pale pale, kwenye maji ya sabuni.

Sijui niandike nini hapa.

Niliamini. Kila kitu kilikubaliana. Wiki zote zile za kimya, nilijiambia, kumbe alikuwa mgonjwa. Kumbe nilikuwa nikimtumia habari za kona na tepe akiwa kitandani. Sikulia. Nilishika shati la Abdi lililolowa na nikaendelea kulikamua, kulikamua, mpaka Hooyo, mama yangu, akaninyang'anya.

Hooyo alipiga simu El Wak, haikupita. Majirani wakaanza kuingia. Mmoja tayari alikuwa anauliza nani ataleta mkeka mkubwa. Ndipo Abdi akafika kutoka gereji, mikono yote oili, akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: "Nani amesema?"

Akapiga yeye, mara nyingi, mpaka ikapita. Akaiweka simu katikati yetu kwa sauti ya juu.

"Mama, ni nani amefariki?" akauliza.

"Mnaniuliza mimi?" sauti ya mama mkwe wake Nasra ikajibu. "Si nyinyi mliotuletea habari! Msichana wenu ametuma ujumbe, maskini, analia, mwili umemfa ganzi. Mimi nimempigia Halima kumpa pole, naye akapiga ukelele. Semeni, ni nani?"

"Nasra yuko wapi?"

"Nasra yuko dukani anapima sukari. Tumemficha."

Eedo Halima akasema alhamdulillahi, na akaanza kulia upya, kilio kingine. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia.

"Wewe," Hooyo akasema polepole. "Umemzika nani?"

"Mpanda pikipiki."

"Wa hapa mjini?"

"Wa Denmaki."

"Ameanguka, masikini?"

"Hapana, Hooyo. Amestaafu."

Nilidhani ardhi ingenifanyia hisani na kunimeza. Abdi alikwenda nyuma ya tangi la maji na tukamsikia akicheka mpaka akakohoa. "Amestaafu!" alikuwa akisema. "Basi tumzike na waalimu wote wa kaunti!" Yule jirani wa mkeka akauliza kama Denmaki ni upande wa Balambala. Hooyo hakucheka. Aliniambia kwamba rambirambi si kitu cha kuchezea, kwamba maneno hayo yanatunzwa kwa siku yake, na kwamba siku yake huja yenyewe bila kuitwa. Alisema kweli. Nilimbusu Eedo Halima mkono na kichwa, na yeye, akiwa bado amelowa maji ya sabuni, akanishika kidevu na kusema: "Umeniua na kunifufua asubuhi moja, mjinga wewe. Sasa nipe maji."

Hilo lilikwisha. Lile jingine ndilo hili.

Alasiri, Nasra alipiga. Eedo Halima aliongea naye kwanza, kirefu, halafu akanipa simu. "Anakutaka."

Nilikwenda nayo uani. Nilisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, na ilikuwa ile ile, ila imetulia, kama ya mtu anayezungumza na mkono mmoja ukiwa kazini.

"Abaayo, umetuua wote," akasema, na akacheka kidogo. Nikacheka. Akaniambia mama mkwe wake bado amelala na kitambaa kichwani. Akaniambia husikiliza ujumbe wangu, lakini kila akitaka kujibu kuna mteja, au kuna mgeni, na baadaye anaona muda umepita na aibu inamshika.

"Kwa hiyo ni nani aliyestaafu?" akauliza.

"Wako," nikasema. "Mdenmaki."

"Aa. Yule." Kisha: "Bado alikuwa anakimbia?"

Nikaona niwashe moto. Nilimjua Nasra, kuna maneno ambayo akiyasikia lazima asimame. Nikamwambia afadhali ameondoka. Kwamba hakuwahi kujua kuanza, kwamba alikuwa anapita nje kwa woga na si kwa akili, kwamba ushindi wake wote ni wa kuokota, wengine wakianguka yeye anapita juu ya bahati yao mbaya. Nilisema mambo ambayo hata mimi siyaamini. Nilikuwa napaza sauti uani, nimeshika kiuno, Hooyo akachungulia dirishani. Nilimaliza, nikangoja.

"Labda uko sawa, abaayo," Nasra akasema.

Hakusema kwa hasira. Hakusema kwa huzuni pia. Alisema kama unavyomwambia mteja kwamba labda kesho mvua itanyesha. Mtu akamwita kwa nyuma, akaniambia nimsalimie Abdi, na akaenda.

Nilibaki nimeshika simu ya Eedo Halima.

Asubuhi nilipoamini amekufa, nilijua la kufanya na mikono yangu. Alasiri sikujua.

Simlaumu. Ana duka, ana nyumba, ana watu wanaomwita kwa jina lake siku nzima. Na nimejiuliza kitu ambacho kimenitia haya: katika ujumbe wote niliomtumia, je, nilimwuliza hata mara moja El Wak pakoje? Anakula na nani? Sikumwuliza. Nitamwuliza. Lakini sitajidanganya kwamba akinijibu, nitakuwa nimempata yule wa kwenye tairi.

Jioni nilifungua ule ukurasa wa mashabiki ninaousoma kila siku bila kuandika neno. Wapolandi, Waingereza, Waswidi, watu wazima waliozaliwa karibu na viwanja. Wengi wanasema Mdenmaki alipaswa kuondoka zamani, kwamba alikuwa anawazibia vijana nafasi. Nilisoma na moyo ukaanza kunidunda, ule mdundo wa darasani, isipokuwa safari hii hakukuwa na wa kumnong'onezea.

Nikaandika. Kwa Kiingereza changu cha shule, kwa jina langu la kwanza. Niliwaambia kwamba nimempinga mtu huyu kwa miaka mitatu, na nimetazama kila kona yake nikitafuta kosa, kwa hiyo namjua kuliko wanaompenda. Niliwaambia watazame anapokuwa na mtu upande wake wa nje. Hakuwahi kumbana mtu ukutani. Kila mara aliacha upana wa pikipiki moja, na mara nyingi yule aliyeachiwa ndiye aliyemshinda. Hilo si jambo la mzee anayeziba nafasi. Niliwaambia Orgi wangu hawezi kulifanya, na wao wote hawajalisema kwa sababu walikuwa wanatazama nani yuko mbele.

Nikabonyeza kabla sijapata akili.

Mpaka sasa hakuna aliyejibu. Kuna mmoja ameweka alama ya kupenda, sijui ni nani, na kusema kweli haikunisaidia.

Natumaini kesho nitaamka nikute mtu amekasirika.