Kabla Mama Fanuel Hajakatwa

Usa River,
12 Juni 1994

Dada Elinami,

Shikamoo. Sisi hapa Bwana anatushika. Mvua imekata, maharage yamekubali, na sabuni siku hizi imejaa madukani hadi mtu unachagua harufu.

Dada, ule mgongo niliokuandikia si wa kuinama shambani. Daktari anasema ni kansa ileile ya titi. Walipolikata mwaka themanini na sita, mbegu zake chache zilikuwa zimeshajificha ndani ya uboho wa mifupa, zikalala kimya miaka yote hii. Sasa zimeamka. Nami nilishasimama kanisani nikashuhudia kuwa nimepona.

Jirani yangu Mama Fanuel ana uvimbe kama ule wangu. Kisu alikikataa katakata, akaja kukubali kwa sababu ya ushuhuda wangu. Anaingia hospitali kesho. Jana alikuja nimsuke nywele, akanitania, "Nikitoka huko tutagawana sidiria moja, Mama Irine." Nikacheka naye. Akauliza, "Mbona unainuka kwa kushika ukuta kama bibi?" Nikamwambia ni baridi ya Meru.

Ningesema kweli, asingeenda. Na kisu kilinipa miaka minane, Dada. Nimemwoza Irine, nimebeba mjukuu. Na yeye apate yake.

Nitamwambia kidonda chake kikikauka. Kuomba kupona nimechoka, usiniombee hilo. Omba tu siku hiyo nifike kwake kwa miguu yangu, anione nimesimama.

Mdogo wako,
Aika